Kisima Kilichokataa Kuwaka

28 Septemba

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Likasi, kuanzia Panda mpaka Shituru, pamoja na wageni wapita njia, kwamba leo asubuhi, baada ya kuugua muda mrefu, mkono wa birika la Bwana Floribert umekatika. Birika lenyewe liko salama. Marehemu ameacha mwanaume mmoja aliyeungua vidole. Mazishi yamefanyika kwenye pipa la takataka, bila hotuba na bila pombe.

Ndiyo hivyo. Ukikaa peke yako nyumbani, hata birika linakuwa habari.

Binti yangu Sylvie ndiye aliyenishauri kuandika. "Papa, ukiandika kila siku utapunguza kusema peke yako." Nilimjibu kwamba sisemi peke yangu, nasema na birika. Mama yake, Claire, alikwenda kwake Lubumbashi kumsaidia alipojifungua. Alikwenda kwa wiki tatu. Mtoto huyo sasa anakimbia, na anajua kutukana kwa Kifaransa.

Habari nyingine, ndogo kuliko ya birika: Carlos ameniletea bakteria.

3 Oktoba

Leo nimewaona wakiwaka, kwa hiyo lazima nieleze.

Mimi ni mtayarishaji wa laboratwari katika shule moja ya Panda. Naosha vyombo, nawasha moto kabla mwalimu hajaingia, na jaribio likishindwa wanafunzi wote wananitazama mimi. Wananiita Prof kwa kunicheka, na mimi naitika. Carlos alisoma hapa. Ndiye aliyeunguza pazia letu la dirishani. Sasa ni mtafiti Lubumbashi, na ndevu juu.

Bakteria hawa wana kazi yao. Kila seli hai imebeba maandiko mengi ndani yake, lakini haiyasomi yote kwa wakati mmoja. Bakteria akiguswa na shaba, anafungua ukurasa mmoja tu, ule unaomfundisha kuisukuma shaba nje ya mwili wake. Sisi hatuwezi kumwona akisoma. Basi wataalamu wamechukua jeni za kuwaka kutoka kwa viumbe vidogo vya baharini, wakazishona nyuma ya ukurasa ule. Akianza kusoma namna ya kujikinga na shaba, papo hapo anawaka. Carlos anaiita "gène rapporteur". Mimi naiita jeni la umbea: siri ya ndani ya nyumba anaitoa mpaka barabarani.

Carlos anachunguza ukurasa ule unafunguliwa lini na kwa nguvu gani. Ameniomba nimjaribie kwenye maji ya Likasi, maana shaba kwetu haihitaji kutafutwa, yenyewe inakuja kukusalimu.

Ameniletea aina mbili. Wa kwanza ni Mbea, anayewaka akikutana na shaba tu. Wa pili ni Wa Daima, anayewaka muda wote ilimradi yu hai, kama taa nyekundu ya Sakramenti kanisani. Ukimtia Wa Daima ndani ya maji akazimika, ujue maji yameua. "Papa Flori," Carlos aliniambia akiwa mlangoni, "usipime kitu bila Wa Daima." Nikamwambia mimi nilikuwa laboratwari yeye akingali anajikojolea.

Mwanga wao ni mdogo, rangi ya bluu ya kijani. Hauonekani ila gizani. Nimeziba dirisha la stoo kwa blanketi, nikakaa humo na kiunzi cha mifupa ambacho wanafunzi wanakiita Inspecteur kwa sababu hakijawahi kucheka. Macho yanachelewa kuzoea giza, basi nasali rozari. Kufikia katikati ya rozari, vichupa vinaanza kuonekana. Tatizo la rozari ya peke yako ni kwamba unasalimu mwenyewe na kuitikia mwenyewe. Inspecteur haitikii.

4 Oktoba

Joto.

6 Oktoba

Joto. Jakaranda zimemwaga maua njia nzima ya shule. Nimeteleza juu ya uzuri huo nikaanguka mbele ya darasa la nne lote. Wamepiga makofi.

9 Oktoba

Umeme umekatika tangu Ijumaa. Nimefungua frigo nikakuta ziwa. Mbea alikuwa nyuma kabisa, amebanwa na chupa za bia za mlinzi wetu Willy, bado baridi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya shule, bia za Willy zimesaidia sayansi. Wa Daima alikuwa kwenye mlango. Kizibo kimetoka, kichupa kimeingia ukungu, kinanuka. Nimemmwagia dawa ya kuulia vijidudu, nikamzika.

Carlos kwa simu: "Nitatuma mwingine nikipata mtu anayekuja Likasi. Usipime mpaka afike."

Willy naye anataka kusaidia. Nilikuwa natafuta maji safi ya kulinganishia, akaja: "Prof, kuja ku alambic ya bibi yangu! Ile ya kupika lutuku. Inatoa mayi safi kama machozi ya malaika." Nikamuuliza mrija wa mtambo huo wa pombe ni wa madini gani. "Ni ya cuivre, bien sûr. Kwani hapa tuko wapi?" Nimecheka mpaka nikakaa chini. Cuivre ndiyo shaba yenyewe: maji yangejaa shaba, na Mbea angewaka kwa kila kitu. Nimenunua maji ya batri, yale safi yasiyo na asidi wala madini, kwa mafundi wa magari. Mimi si mjinga.

13 Oktoba

Alhamisi, siku ya sahani.

Jirani yangu Georgette, mjane wa Gaston, ananiletea sombe, majani ya muhogo, kila Alhamisi tangu Claire aondoke. Analeta imefunikwa sahani juu ya sahani, anabisha, anasema "Kula, usikufe ku parcelle ya batu," yaani kwenye kiwanja cha watu, anakwenda. Sasa kila mtu anajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Claire alipokuwepo zilirudi na karanga, na ndizi, hata samaki. Mimi najua kupika chai, na bukari, ugali wetu, yenye mabonge ambayo hata kuku wa Georgette aliisogeza pembeni kwa mguu. Kwa hiyo sirudishi. Sahani zake zimepandana juu ya kabati langu, na kila nikizitazama nainama kidogo.

Leo hakuondoka mara moja. Alikuwa na mjukuu wake Orpha, anayekaa naye tangu mama yake aende kutafuta maisha Kolwezi. Orpha bado hajaanza shule, lakini anaongea kama burgumestre, meya wetu.

"Papa Floribert, ni kweli iko na madudu ya kuwaka kule ku masomo?" Georgette akauliza.

"Willy amesema?"

"Willy iko na mudomo ao iko na redio? Sikia. Robinet, ile bomba ya avenue yetu, ilikauka tangu mwezi wa nane. Ile kisima yangu ilikuwa ya kufulia na ya lengalenga. Sasa minye na mutoto tunaikunywa. Banasema mayi ya hapa iko na bintu. Madudu yako inaweza kujua?"

"Inaweza."

"Basi usinipe maneno ya Kifaransa. Niambie kintu kimoja: Orpha anywe ao asinywe?"

Orpha akasema maji ni mazuri, yana ladha kama kijiko.

"Ladha kama kijiko," Georgette akacheka. "Mayi gani ya Likasi haina ile ladha?"

Ameniachia chupa imejaa. Maji ni meupe kabisa, hayana hata unyasi.

15 Oktoba

Nimepima.

Nilijiambia nitamngojea Wa Daima. Kisha nikaziona sahani. Nikajiambia jambo ni dogo, swali ni moja tu, shaba ipo ao haipo, na kwa swali hilo Mbea anatosha.

Kichupa cha maji ya batri: giza, kama inavyotakiwa. Cha maji ya batri na chembe ya chumvi ya shaba: kiliwaka vizuri mpaka nikaona mbavu za Inspecteur. Cha Georgette: giza. Si giza la wasiwasi, hapana, giza nene kama shimo. Nilisali rozari nzima, nikatazama tena. Giza.

Nilitoka stoo nikiwa na furaha ya kijinga. Nilizichukua sahani zote, nikaziosha, nikavaa shati. Georgette alikuwa anamwagilia lengalenga.

"Eh! Sahani zangu zimefufuka!"

"Zimerudi, na hazikurudi tupu," nikamwambia. "Ndani yake kuna habari. Anywe. Maji yako hayana shaba. Masafi kuliko ya watu wote."

Alizitazama zile sahani tupu, kisha akanitazama, kisha akapiga vigelegele pale pale katikati ya mboga. Alinikalisha. Nilikula bukari laini na kapenta, dagaa wa kwetu, Orpha akaniuliza kama madudu yangu yana majina, nikamwambia yote yanaitwa Floribert. Giza liliingia tukiwa bado tunacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliulizwa, "Naongeza?"

20 Oktoba

Claire kwa simu.

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Vyakula."

Nyuma yake nilisikia mtoto, redio, sufuria, maisha. Nikamwambia habari ya bakteria. Akasema vizuri. Akasema salio linaisha.

2 Novemba

Siku ya Marehemu wote. Nimemsindikiza Georgette makaburini kusafisha kaburi la Gaston. Gaston alinunua mawe ya madini kwa wachimbaji, akayalaza ndani ya parseli, na nyuma ya nyumba alikuwa na mapipa ya asidi. Alijaribu kutoa shaba mwenyewe, kama wengi wa wakati ule.

"Alisema tutakuwa batajiri," Georgette akasema, anang'oa majani. "Alitoboa suruali zote na ile acide, utajiri haukukuja."

"Mapipa yalikwenda wapi?"

"Yalioza. Alichimba shimo, akafukia."

Palikuwa na jua kali.

14 Novemba

Mvua ya kwanza! Imepiga mabati kama wanafunzi wanaotoka likizo. Nimesimama mlangoni nikatafuta mtu wa kumwambia "mvua hiyo." Nimeliambia birika.

18 Novemba

Nimepima tena maji ya Georgette, kwa desturi tu, maana Alhamisi zinakuja na sahani zinaongezeka. Yamewaka.

Kidogo, kama mtu aliyefunika tochi kwa kiganja. Lakini yamewaka.

Nimekwenda kumwambia ukweli kama nilivyouelewa: kisima chake kilikuwa safi, mvua imekiletea shaba kutoka juu. Afunike mdomo wa kisima, achimbe mfereji wa kuzuia maji ya mlima. Na asiogope, ni kidogo. Jua likirudi, yatakuwa safi tena kama ya Oktoba.

"Kutoka juu," Georgette akasema polepole. Juu yake, upande wa mlima, anakaa jirani Mado, ambaye mumewe anauza magunia yaliyobeba madini.

19 Novemba

Vita. Georgette na Mado wamesimama kila mtu upande wake wa ua.

"Munaosha magunia yenu juu ya kichwa yangu!"

"Magunia gani? Nani amesema?"

"Science imesema!"

Science ilikuwa imejificha nyuma ya pazia, inakunywa chai kutoka birika lisilo na mkono.

1 Desemba

Mvua.

2 Desemba

Mvua. Georgette amechimba mfereji peke yake, tope mpaka magotini. Nilikwenda kusaidia nikavunja mpini wa jembe. "Rudi ku madudu yako, Prof," akaniambia, lakini kwa upole.

6 Desemba

Orpha anatapika. Tumbo. Dispansari wamesema tifoidi. Kwa dispansari hiyo, hata mguu uliovunjika ni tifoidi. Wamempa vidonge, wakasema achemshiwe maji. Georgette anachemsha sasa, anayaacha yapoe ndani ya ndoo, anamnywesha kwa kijiko.

Najua kwamba shaba haichemki ikaondoka. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Lakini nilijiambia shaba iliyomo ni kidogo, na kuchemsha hakujaua mtu. Nikanyamaza.

9 Desemba

Mvua. Wanauza uyoga barabarani, mkubwa kama mwavuli. Nimenunua, sijui kuupika, nimeutazama mpaka umenyauka.

16 Desemba

Orpha amepata nafuu, kisha amerudia. Amekonda. Hajaniuliza habari za madudu. Nimepima: maji yanawaka kuliko Novemba. Mvua inazidi, mwanga unazidi. Nimemwandikia Carlos kwa fahari kwamba nimegundua jinsi mvua inavyobeba shaba Likasi. Amejibu: "Na Wa Daima anasemaje?" Sikumjibu.

25 Desemba

Claire alisema atakuja Noeli. Jana amesema njia imeharibika kwa mvua. Mabasi yamefika mchana kutwa. Nimeyaona, nilikuwa kituoni.

Georgette ametuma sahani ya wali na kuku. Hakuja mwenyewe, Orpha ana dripu.

8 Januari

Paa la stoo linavuja. Nimemkuta Inspecteur ameloa, tone linatoka puani kama mwenye mafua. Chini yake ile chupa ya Georgette ya Oktoba, niliyoiacha nusu, wazi bila kizibo. Ilikuwa imejaa mpaka juu kwa maji ya mvua.

Nilitaka kuimwaga. Kisha, kwa uvivu tu, kwa kuwa nilikuwa nimeandaa Mbea wa leo na hapakuwa na kazi nyingine, nikatia tone.

Nikazima taa, nikaanza rozari. Sikumaliza hata fungu la kwanza. Kichupa kilikuwa kinawaka kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Niliona vidole vyangu. Niliona meno ya Inspecteur.

Maji ya Oktoba. Yale masafi.

9 Januari

Sikulala vizuri. Leo nimefanya yale niliyotakiwa kuyafanya Oktoba, polepole, kama mwanafunzi wa kwanza wa darasa la mwisho.

Kwanza maji ya paa peke yake: giza. Nikatia chembe ya shaba: yakawaka. Kwa hiyo mvua haina shaba, na Mbea ndani yake yu hai.

Pili, ilibaki chupa ndogo ya Oktoba yenye kizibo, niliyoijaza kutoka ile kubwa, ambayo mvua haikuigusa. Nikatia Mbea: giza nene kama shimo. Nikachukua kidogo nikaongeza maji ya batri, mengi: yakawaka.

Tatu, nikapaka tone la kila kichupa juu ya ute wa mchuzi ulioganda ambamo bakteria wanaota, nikafunika, nikangoja.

10 Januari

Matone ya vichupa vingine vyote yameota ukungu wao mweupe. Tone la maji ya Oktoba yasiyochanganywa halijaota kitu.

Basi ni hivi, niandike kwa maneno ya Georgette, bila Kifaransa. Giza lina sababu mbili. Mbea hawaki kama hakuna shaba. Na Mbea hawaki kama amekufa. Oktoba, kabla ya mvua, kisima kilikuwa kikali mno: shaba nyingi, na nadhani asidi, nikikumbuka lile shimo la mapipa. Viliwaua bakteria kabla hawajafungua ukurasa wao. Mvua haikuleta shaba. Mvua ilikipunguza kisima ukali, mpaka viumbe wakaweza kuishi ndani yake kiasi cha kulalamika. Kila mwanga ulipoongezeka nikasema maji yanaharibika, kumbe ndiyo yalikuwa yanapata unafuu. Na nilipoona kimya cha kaburi, nikasema: safi, anywe.

Na nilimwambia kwamba jua likirudi, yatakuwa safi tena kama ya Oktoba.

11 Januari

Nilikwenda asubuhi, mvua ikinyesha. Niliacha sahani nyumbani. Georgette alikuwa jikoni, Orpha amelala kwenye mkeka, macho makubwa. Ndoo ya maji yaliyochemshwa ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cheupe kama altare.

"Asimpe tena," nikasema. Nilikosea hata maneno. "Usimpe tena. Hata yaliyochemshwa. Hata kidogo."

"Mvua imezidisha?"

"Si mvua. Maji yalikuwa mabaya tangu mwanzo. Oktoba yalikuwa mabaya kuliko leo. Bakteria walikuwa wamekufa, mimi nikafikiri wamenyamaza."

Akafuta mikono kwenye kitambaa cha kiuno, kidole kimoja kimoja.

"Weye ulisema anywe."

"Nilisema."

"Minye nilikuwa naogopa. Nilikuja kwako juu ya kuogopa. Ulikuja na shati yako ya dimanche, ya kanisa, ukasema anywe. Nikamunywesha. Na mukono yangu, Papa Floribert. Na kijiko. Alikuwa anakataa, nikamushika pua."

Sikuwa na mzaha hata mmoja. Nilitafuta, ni tabia yangu. Hapakuwa na kitu.

"Lazima apelekwe hospitali kubwa. Uwaambie shaba, wasikuambie tifoidi. Nitakwenda nawe."

"Hapana. Weye baki." Akainua ndoo, akatoka nayo mvuani, akaimwaga mbali na mboga. Kisha akasimama akaitazama ile lengalenga yake, yote, matuta yote, iliyonyweshwa maji yale yale na kuuzwa sokoni. Nikaondoka kabla hajageuka.

12 Januari

Alhamisi. Hakubisha mtu.

15 Januari

Nimekwenda kwa Mado. Nilimweleza yote, kofia mkononi.

"Kumbe microbe zako zilinihukumu bila avocat ya kunitetea," akasema. "Na weye njo ulikuwa juge ya kunikatia kesi?"

"Ndiyo, mama."

"Unapenda mutu akufungulie mulango, Prof. Inaonekana mbali." Akanipa kiti. Hakunipa chai.

19 Januari

Alhamisi. Mvua.

22 Januari

Kila asubuhi natia bidoni mbili, madumu ya maji, kwenye baiskeli, nashuka kwenye bomba la parokia, nasukuma mpaka kwa Georgette, naziacha getini. Jioni nakuta zimewekwa nje, tupu. Hatujaonana. Nimejua kwamba bidoni zinaongea zaidi kuliko Inspecteur.

26 Januari

Alhamisi. Wa Daima mpya amefika na dereva wa basi, ndani ya termosi ya chai. Nimemweka nyuma ya bia za Willy.

30 Januari

Claire kwa simu. "Unakula?" Nikamwambia hapana, sili vizuri. Nikamwambia kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, na salio halikuisha. Kisha akauliza, "Na mutoto?" Nikasema amerudi kutoka hospitali. Kutapika kumekoma. Kuhusu ini lake, ambalo shaba hulishambulia, daktari hawezi kusema bado. Arudishwe baada ya mvua. "Utanipigia," akasema. Hajawahi kusema hivyo.

8 Februari

Georgette amekuja shuleni. Willy amenifuata mbio kana kwamba ni waziri. Alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, amevaa kikwembe cha kanisani.

"Nataka kuona," akasema. "Usieleze. Onyesha."

Nimepanga vichupa. Maji ya bomba la parokia. Ya kisima chake, yaliyopunguzwa. Ya kisima chake, matupu, yale ya Oktoba. Katika kila maji nimetia Mbea kichupa kimoja, na Wa Daima kingine. Nikafunga mlango, nikazima taa.

"Hakuna kintu."

"Macho bado. Lazima kungoja. Mimi huwa nasali."

Giza, matone ya paa, pumzi zetu mbili. Kisha akaanza, "Salamu Maria, umejaa neema," kwa sauti ya chini, akafika nusu akasimama. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananingoja. Nikaitikia. Tulikwenda hivyo, yeye anaanza, mimi namaliza, mpaka akaacha katikati ya neno.

"Iko inawaka."

Nikamwonyesha: ya parokia, Wa Daima anawaka, Mbea kimya, hayo ni maji ya kunywa. Ya kisima yaliyopunguzwa, wote wawili wanawaka. Na pale mwisho, vichupa viwili, hakuna kitu.

Alinyoosha mkono akagusa kile cha mwisho.

"Hii yenye giza yote, njo ile tulikunywa?"

"Ndiyo."

Alikishika mpaka nikafikiri atakivunja. Akakirudisha mahali pake. "Gaston," akasema. Kama alikuwa anamlaani ama anamwita, sijui. Mlangoni, bila kugeuka, akaniambia: "Bidoni ya bluu inavuja ku mukono. Uifunge na kipira."

9 Februari

Alhamisi.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, bila birika na bila Inspecteur.

Tarehe 15 Oktoba nilijua kwamba sikuwa na njia ya kutambua giza la usafi na giza la kifo. Sikusahau. Nilijua nikiwa nimeshika kichupa mkononi. Ningeweza kungoja. Ningeweza kusema, "Mama Georgette, sijui bado." Lakini "sijui bado" haiwekwi kwenye sahani. Nilikuwa na vyombo vya mtu nyumbani mwangu, sikuwa na cha kutia ndani, na nilitaka sana kubisha mlango uliokuwa na watu nyuma yake. Basi nilichukua kile nilichotamani kiwe kweli, nikakipeleka kama kitu nilichokiona. Novemba na Desemba sikutaka kukumbuka mapipa, kwa sababu kukumbuka kungenirudisha kwenye meza yangu ya peke yangu. Mtoto alikunywa miezi mitatu. Watu wa sokoni, ambao siwajui, walikula zile mboga. Wiki mbili zilizopita Georgette aling'oa matuta yote, akakifunika kisima kwa bati na mawe. Ndivyo ilivyokuwa.

Jioni hii niliiosha sahani ya Noeli na mfuniko wake, nikazikausha. Nilifungua kabati nikatazama: sukari, chumvi, nusu mkate. Nikafunga kabati.

Georgette alikuwa mlangoni kwake, Orpha mapajani, anamsuka. Nilimpa sahani kwa mikono miwili. Akainua ile ya juu, akatazama ndani.

"Iko tupu," Orpha akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Sina kitu."

Georgette akairudisha ile ya juu mahali pake. Kisha akazipokea, akaziweka chini kando yake, akaendelea kusuka. Hakuniambia nikae. Hakuniambia niondoke. Nilisimama pale mpaka mvua ilipoanza.